Antipasi Aliyeyeyusha Nyimbo za Bibi Reni

Saa mbili asubuhi, jua la Itigi limeshaanza kuuma. Nyuma ya ghala la nta, hatua mia moja hivi kutoka stesheni, madebe matatu yanachemka juu ya mafiga. Mzee Antipasi Mghuna anazunguka kati yake na kijiti mkononi, anakoroga hili, anapunguza moto wa lile. Masega meusi yaliyoletwa jana na warina asali yanazama, yanapanda, yanaanza kuachia nta.

Anachota kwa kata na kumimina ndani ya gunia. Ncha moja ya gunia ameifunga kwenye nguzo, ya pili ameizungushia mti mfupi, naye anausokota mti huo kwa nguvu zake zote. Nta ya manjano inachuruzika ndani ya karai lenye maji.

"Shikamoo, mzee," mwandishi anamsalimu.

"Marahaba, mwanangu. Simama upande ule, moshi usikuumize."

Mikono yake ina makovu ya nta ya moto kuanzia vidole hadi kwenye viwiko. Anavunja kipande cha nta ya jana iliyoganda, anakinusa, anakitafuna kidogo, anatema.

"Hii ni nzuri," anasema. "Bado ina harufu ya maua. Nta ikikosa harufu ya maua, mnunuzi anaikataa kabla hajaipima."

Mzee Antipasi ana miaka hamsini na minne. Analipwa shilingi thelathini na mbili kwa mwezi, na kwa hizo anamlisha na kumvisha binti yake mmoja, Klara, mwenye miaka tisa. Mama yake Klara, marehemu Anastazia, alifariki mwaka 1946, siku nne baada ya kumzaa.

Mwandishi wa habari hii, kusema kweli, alishuka Itigi ili aandike juu ya bei ya nta. Lakini kabla hajatoka stesheni, karani wa hapo, Bwana Ignas, alimwonyesha kwa kidole mzee aliyekuwa akipita na kuni begani. "Umemwona yule? Yule alichemsha nyimbo."

Karani akacheka, na mwandishi naye akacheka. Mji mdogo kama Itigi haukosi wacheshi, na jambo hili limewapa wacheshi wa hapa kazi ya karibu mwaka mzima. Kuna wanaomwuliza mzee sokoni kama nyimbo zinaiva upesi kuliko maharage. Yeye hupita zake. Mwandishi alipoketi naye na kuyasikia mambo yenyewe tangu mwanzo, kicheko kile cha stesheni kilimtia aibu, na bado kinamtia aibu anapoandika.

Mambo yenyewe yalianza mwaka 1927. Miaka hiyo alikuwapo Itigi mkaguzi mmoja wa njia ya reli, Mskoti, pamoja na mkewe, Bibi Elspeth Rennie, ambaye watu wa hapa walimwita Bibi Reni. Mama huyu alikuwa mtunzi wa nyimbo. Alizitunga kwa kinanda nyumbani kwake karibu na reli, mashairi yake mengine ya lugha ya kwao, mengine ya Kiswahili alichojifunza hapahapa.

Bibi Reni alikuwa na mashine ya kunasa sauti, ya zile za zamani kabla santuri hazijaenea. Ilikuwa na tarumbeta kubwa na ufunguo wa kuzungusha. Sauti haikuandikwa juu ya sahani. Iliandikwa juu ya silinda ya nta, ukubwa wa kikombe kisicho na kitako. Ukiimba mbele ya tarumbeta, sindano inachora mistari myembamba kuizunguka nta, na ukiirudisha sindano mwanzo, nta inaimba.

Aliyeimba mbele ya tarumbeta hiyo alikuwa Anastazia. Alikuwa Mnyiramba wa upande wa Kiomboi, ameolewa mwaka mmoja tu, naye alifua na kupiga pasi nguo za Bibi Reni. Siku moja mama yule alimsikia akiimba huku anaanika mashuka, akamwita ndani.

Mumewe hakuwapo. Miaka hiyo Antipasi alikuwa mrina asali, na mrina asali wa pori la Itigi huondoka na mkoba wa ngozi na unga wake, akarudi baada ya wiki tatu au nne. "Nilijua tu kwamba wanaimba," anasema. "Aliniambia, leo Bibi Reni ameniimbisha. Nikasema, vizuri. Nilikuwa nimechoka, nataka maji ya kuoga."

Mwaka 1931 mkaguzi wa reli alikufa kwa homa, akazikwa Itigi. Bibi Reni akafunga mizigo arudi kwao. Kabla hajapanda treni alimkabidhi Anastazia sanduku la mbao, lina kufuli, akamwomba amtunzie mahali penye ubaridi. Aliogopa joto la melini lisije likaliharibu. Alisema atalirudia.

"Nilimwuliza mke wangu, humo mna nini? Akanijibu, nta ya Bibi Reni. Basi. Mimi ni mtu wa nta, sikuona ajabu mtu kuacha nta."

Sanduku likakaa chini ya kitanda, upande wa ukuta usiopigwa na jua. Anastazia alilifuta vumbi kila Jumamosi. Likakaa miaka mitano, miaka kumi, vita vikaja vikaisha. Watoto wawili aliowazaa Anastazia, mmoja kabla Bibi Reni hajaondoka na mmoja baadaye, walikufa wadogo. Mwaka 1946 akamzaa Klara. Siku ya nne, huku homa imempanda, alimwambia mumewe maneno mawili tu anayoyakumbuka. La kwanza, mtoto apelekwe kubatizwa. La pili, sanduku la Bibi Reni likae, mwenyewe atalirudia.

Antipasi akaacha kurina asali ili asimwache mtoto, akaja kuchemsha nta ghalani. Ndipo ukaja mwaka 1949.

Msomaji wa Singida hahitaji kuelezwa mwaka ule. Mvua haikunyesha, mtama ulikauka ukiwa urefu wa goti, na porini maua hayakutoka. Pasipo maua hakuna asali, na pasipo asali hakuna nta. Ghala lilifungwa kwa miezi mitano na wafanyakazi wakaambiwa waende makwao.

"Klara alikuwa na miaka mitatu," anasema Mzee Antipasi. "Nilikuwa nampa uji asubuhi, mchana namlaza ili asahau. Siku moja hakulia. Mtoto mwenye njaa akiacha kulia, mwanangu, hapo ndipo utaogopa."

Siku hiyo alivuta sanduku kutoka chini ya kitanda, akavunja kufuli.

Hapa inafaa msomaji aelezwe desturi moja ya warina asali wa pori hili, maana bila hiyo atamwona mzee huyu kuwa mwizi. Mtu akikuachia nta yake akasafiri, nta hiyo haifungiwi mpaka siku atakayorudi. Ukipata shida waweza kuitumia. Sharti ni uipime kwanza na kuukumbuka uzito wake, ili mwenyewe akirudi akute uzito uleule wa nta safi. Kwa watu hawa nta moja haina tofauti na nyingine. Wanazikopeshana hivyo tangu zamani, na Mzee Antipasi anasema hajawahi kusikia ugomvi.

Ndani ya sanduku alikuta makopo kumi na manane ya karatasi ngumu, na ndani ya kila kopo silinda moja ya rangi ya kahawia, imezungushiwa pamba. Alizipima. Zilikuwa ratili nne na nusu.

Je, hakuona ile mistari? Aliiona. "Nilidhani ni alama ya kiwandani. Na harufu yake haikuwa ya maua, ilikuwa inanuka kama sabuni. Nikasema, hii ni nta ya Ulaya. Nyuki wa kule wanakula maua mengine."

Anacheka kidogo anaposema hivyo, halafu anageuka kuangalia madebe yake.

Silinda moja alimpa jirani yake, fundi viatu Melkizedeki, kwa ajili ya kupaka uzi wake wa kushonea, naye akampa mtama kibaba kimoja. Zile kumi na saba zilizobaki alizichemsha pamoja na nta kidogo aliyokuwa nayo. Hazikuyeyuka vizuri. Zilitoa povu, zikaganda zikawa donge la kahawia lililopasuka lenyewe. Mnunuzi alilinusa akalisukuma pembeni. Hakumpa hata senti.

Kwa hiyo nyimbo zile kumi na saba hazikumpatia Klara hata bakuli la uji. Kilichomwokoa mtoto ni kile kibaba cha Melkizedeki, na baadaye mahindi ya njano yaliyoletwa na serikali kwa treni.

Lile donge Mzee Antipasi alilipaka ndani ya mizinga yake mipya saba, kama warina asali wafanyavyo ili kuwaita nyuki. Mwaka ule nyuki hawakuingia hata mzinga mmoja.

Mvua ziliporudi, kazi yake ya kwanza ilikuwa kulipa. Ilimchukua miaka miwili, kwa vipande vya nta alivyoruhusiwa kuokota ghalani na kwa masega ya mizinga yake mwenyewe. Aliichuja nta hiyo mara tatu mpaka ikang'aa, akaigandisha katika bakuli, akaipima. Badala ya ratili nne na nusu aliweka ratili tano, kwa sababu, anasema, mwenyewe amengoja sana. Akanunua kufuli jipya na kulirudisha sanduku chini ya kitanda. Tangu hapo, kwa maneno yake, alilala vizuri.

Mwezi wa Agosti mwaka jana, Bibi Reni alirudi.

Alishuka na treni ya asubuhi, mama wa miaka zaidi ya sabini, mweupe kichwa kizima, anatembea na fimbo. Alikuwa na siku moja tu, mpaka treni ya jioni. Alikwenda kwanza kwenye kaburi la mumewe. Kisha akamwuliza Bwana Ignas habari za Anastazia, akaambiwa. Wanasema alisimama muda mrefu ameshika dirisha la tiketi.

Mzee Antipasi alipopata habari aliacha madebe yake motoni, jambo ambalo hajawahi kulifanya kabla wala baada. Alikwenda nyumbani, akavaa shati lake la kanisani, akajitwika sanduku kichwani na kulipeleka stesheni.

"Nilikuwa na furaha," anasema. "Nisikufiche. Nilikuwa najivuna. Miaka ishirini na mitatu! Nani mwingine angemtunzia?"

Walisalimiana. Bibi Reni alimpa pole ya mke, naye akampa pole ya mume. Kisha mzee akafungua kufuli na kuinua kifuniko. Ndani ya sanduku palikuwa na mikate sita ya nta safi ya manjano, imefungwa kwa kitambaa cheupe.

Bibi Reni aliitazama. Aliinua mmoja, akaangalia chini yake, akaurudisha.

"Ziko wapi nyimbo, Antipasi?"

"Nyimbo gani, Mama?"

Watu waliokuwapo wanasema hakupiga kelele. Alikaa kwenye benchi la stesheni akamweleza taratibu, kwa Kiswahili chake cha zamani. Alimweleza mashine ilivyofanya kazi na mistari ile ilikuwa nini. Alimweleza kwamba karatasi zote alizokuwa ameandikia nyimbo zake ziliungua Glasgow wakati wa vita, nyumba ya dada yake ilipopigwa bomu. Silinda zile kumi na nane ndizo zilizokuwa zimebaki katika kazi yake ya maisha. Ndiyo maana amesafiri kwa meli katika umri ule.

"Nilimwelewa," anasema Mzee Antipasi. "Nilisikitika kama mtu anavyosikitika akiharibu kitu cha mtu. Nilimwambia, Mama, nitakulipa, sema unataka nini. Lakini bado nilikuwa sijaelewa."

Bibi Reni akamwuliza, "Hujui nani alikuwa anaimba?"

Kisha, kwa sauti yake ya kizee, akaanza kuimba kidogo, bila maneno.

Mzee Antipasi aliutambua wimbo ule. Ndio Anastazia aliokuwa akiuimba kila jioni akichekecha unga. Miaka kumi na tisa ya ndoa aliusikia, akadhani ni wimbo wa kwao Iramba, wala hakuwahi kuuliza.

Wakati wa kusimulia hapa, mzee aliacha kusokota gunia. Alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akafuta uso kwa mkono wenye nta, nta ikabaki shavuni. Mwandishi alifunga daftari lake. Madebe yakaendelea kuchemka pasipo mtu wa kuyakoroga.

"Nilimchemsha mke wangu," alisema. "Watu wanacheka eti nyimbo. Mimi nilimchemsha mke wangu. Nikampaka kwenye mizinga."

Baada ya Bibi Reni kuondoka alikwenda porini, kwenye mizinga yote saba. Alipanda kila mti akaweka sikio. "Nilijua ni upuuzi. Mimi si mtoto. Lakini nilikwenda." Alisikia nyuki tu, maana siku hizi wameingia.

Kwa nini Anastazia hakumwambia mumewe kilichomo? Hilo nalo alilijibu Bibi Reni palepale kwenye benchi. Wakati ule palizuka maneno kijijini kwamba mashine inachukua sauti ya mtu, na mwanamke aliyechukuliwa sauti watoto wake hawakai. Mama yake Antipasi aliyaamini. Anastazia alikuwa amempoteza mtoto wa kwanza, na alijua lawama zitamwangukia nani. Alimwapisha Bibi Reni asiseme lolote kwa watu wa nyumba ile.

"Angeniambia mimi," anasema mzee. "Mimi nisingemlaumu."

Anaongeza kuni kwenye moto ambao hauhitaji kuni.

"Au labda ningemlaumu. Alipokufa yule wa pili nilikuwa na uchungu mwingi. Sijui ningesema nini."

Bibi Reni hakumlaumu. Alichukua mkate mmoja wa nta, akauweka katika mkoba wake, akampa mkono kupitia dirisha la behewa. Hiyo mitano mingine mzee hakuigusa. Ipo hadi leo.

Sasa msomaji asidhani mambo yaliishia hapo. Mwezi wa Novemba, ukanda wa mkoba wa Mzee Antipasi ulikatika, akaupeleka kwa Melkizedeki. Fundi alipokuwa akipekua sanduku lake la vifaa atafute sindano, alitoa kitu cha kahawia na kukitupa pembeni.

"Nta yako ile mbaya," akasema. "Ngumu, haishiki uzi. Niliipitisha mara tano nikaacha. Kila siku nasema nitaitupa."

Mzee Antipasi aliiokota kwa mikono miwili, akakaa chini kwenye vumbi, mbele ya wateja. Melkizedeki alidhani amepatwa na kizunguzungu, akamletea maji.

Mwandishi ameiona silinda hiyo. Inatunzwa ndani ya chungu kilichozikwa nusu ardhini, pembeni mwa nyumba, penye kivuli kutwa. Upande mmoja una mikwaruzo mitano ya uzi wa fundi viatu, na ukingo umevunjika kipande kidogo. Pengine pote mistari ipo, myembamba, imebanana, haihesabiki.

Bwana Ignas, ambaye ni mtu wa masihara lakini si mtu mbaya, aliandika barua Uskoti. Jibu lilifika Aprili. Bibi Reni anasema silinda isiwekwe juu ya mashine yoyote huku, maana sindano nzito itaikwangua na sauti itakwisha. Ipelekwe kwake. Yuko fundi mmoja Edinburgh mwenye mashine ya sindano nyepesi, anayeweza kuichezesha mara moja na kuihamishia kwenye santuri. Atatengeneza santuri mbili, moja ya mama huyo, ya pili ya Klara. Gramafoni ya kuichezea ipo, ya Mwalimu Anselm wa shule ya hapa, naye ameshakubali kuiazima.

Lakini barua ilikuwa na jambo jingine, na hilo ndilo linalomkosesha mzee raha tangu Aprili. Katika silinda zile kumi na nane, Anastazia aliimba kumi na nne. Nne aliziimba Bibi Reni mwenyewe. Namba ziliandikwa kwenye makopo, na makopo hayapo tena. Wakati wa njaa yaliwekewa mbegu, yakawekewa chumvi, yakaliwa na mchwa. Silinda yenyewe haina alama.

"Watu wananiambia, kumi na nne ni nyingi kuliko nne," anasema. "Ni kweli. Lakini nne nazo ni nyingi."

Melkizedeki anamshauri asiipeleke. Akiwa nayo, asema fundi huyo, ana kitu, na ikivunjika njiani atabaki mikono mitupu. Kwa miezi miwili mzee alimsikiliza. Kila Jumapili baada ya misa aliitoa chunguni, akaitazama, akairudisha.

Kilichomfanya aamue ni swali la Klara. Siku moja mtoto alileta chakula ghalani, akakaa kumsubiri baba yake amalize. Akauliza, "Baba, mama alikuwa na sauti nene au nyembamba?"

"Nilifungua mdomo nimjibu," anasema Mzee Antipasi, "nikakuta sijui. Nilikuwa najua. Uso wake naukumbuka, vidole vyake, hata alivyokuwa anakohoa. Sauti imekwenda. Nikajaribu kumwimbia ule wimbo wa unga, nikaharibu katikati. Mimi sina sauti ya kuimba. Klara akasema, vizuri, baba. Lakini niliona anasema tu."

Silinda itaondoka kesho kwa treni. Mzee ameifunga kwa pamba mpya, akaiweka ndani ya mkebe, na mkebe ndani ya sanduku lilelile la Bibi Reni, pembeni amejaza maranda ya mbao. Amemsihi Bwana Ignas mara tatu kwamba isikae upande wa jua. "Habari za nyimbo sizijui," anasema. "Habari za nta nazijua."

Ilibaki barua. Bwana Ignas alikuwa zamu, kwa hiyo mwandishi aliombwa ashike kalamu. Waliketi kwenye benchi nje ya ghala, mzee amenawa mikono mpaka viwiko. Klara alikuwa karibu, anakusanya vipande vya nta vilivyomwagika.

Alisema polepole, akingoja kila neno liandikwe. Alimsalimu Bibi Reni, akauliza miguu yake inaendeleaje. Alimweleza kwamba kaburi la mumewe amelilimia na kulizungushia mawe mapya. Aliomba radhi tena kwa zile kumi na saba. Akasema kama humo mna sauti ya Anastazia, basi ile santuri ije kwa jina la Klara Antipasi, Itigi, na Bwana Ignas ataipokea.

Kisha akamtuma Klara aende kuteka maji, ingawa mtungi wa hapo ulikuwa umejaa. Akamtazama mpaka alipopotea nyuma ya mabehewa.

"Barua ya Uskoti inachukua muda gani kwenda na kurudi?"

Mwandishi akamwambia miezi miwili, pengine mitatu.

"Sasa andika. Mwambie, Mama, kama humo ni sauti yako wewe, ni mali yako, ifurahie, mimi nashukuru imefika. Lakini usiniandikie. Usinitumie hata salamu. Ukikaa kimya, mimi nitamwambia Klara barua za Ulaya zinachelewa."

Mwandishi aliandika. Mzee akaomba asomewe sehemu hiyo ya mwisho, akaisikiliza ameinamisha kichwa, akasema hapo pako sawa.

"Ana miaka tisa," akasema. "Anaweza kungoja sana."